Shuka la "Lala Salama": uchambuzi wa kisa kimoja cha kurudisha nakshi ya zamani, Iringa

Kisa hiki kinahusu shuka moja la kutandika na foronya zake mbili, zilizotariziwa katika miaka ya 1950 na mwanamke aliyezaliwa Pawaga na kuolewa Mufindi, ambazo wajukuu wake walitaka zitengenezwe upya kwa ajili ya harusi ya mmoja wao. Kazi ilifika kwenye karakana yetu ya ushonaji mjini Iringa baada ya fundi mwingine kuijaribu na familia kutoridhika. Ninaichambua kwa kirefu kwa sababu ndani yake limo swali ambalo wengi wetu tunaotarizi hulikwepa: mteja anaposema anataka "kama ile ya zamani", tunanakili kipi hasa, mchoro uliokuwa juu ya kitambaa kabla sindano haijaingia, au kazi ya mkono iliyokuja kuufunika mchoro huo?

Shuka lenyewe ni la pamba nyeupe, lenye pindo pana upande wa kichwani, pale linapogeuzwa juu ya blanketi. Kwenye pindo hilo kuna mashada mawili ya maua, moja kila upande. Foronya ya kwanza ina neno "Lala" na ua dogo chini yake, na ya pili ina neno "Salama". Msomaji aliyekulia Nyanda za Juu Kusini hahitaji kuelezwa jozi ya namna hiyo ilikuwa ya nini. Ilikaa sandukuni mwaka mzima na kutoka alipolala mgeni wa heshima. Foronya ya "Lala" ilikuwa nzima ingawa imepauka. Ya "Salama" ilikuwa imechanika katikati ya neno, herufi m imeondoka pamoja na kipande cha kitambaa, na S imebaki bila uzi karibu wote.

Mtunzaji wa vitu hivi ni shangazi wa bibi harusi, ambaye ni binti wa mtarizi mwenyewe. Aliyetoa oda na aliyekuwa analipa ni mama wa bibi harusi, yaani wifi yake. Ninalitaja hili mapema kwa kuwa uamuzi mmoja mkubwa wa kazi hii ulitegemea zaidi uhusiano huo kuliko sindano.

Jaribio la kwanza

Fundi wa kwanza alichagua njia iliyoonekana fupi. Alilipiga picha shuka kwa simu likiwa kitandani, akaichapisha picha kwenye steshenari, akaweka kaboni ya ofisini kati ya karatasi na kitambaa kipya, akafuatisha mistari kwa kalamu, kisha akatarizi. Shada lenye urefu wa sentimita 14 lilikaribia 16, na lilitanuka upande mmoja kuliko mwingine, kwa kuwa simu haikushikwa sambamba na kitambaa na hapakuwa na rula ndani ya picha ya kupimia. Kaboni ya ofisini hutengenezwa kwa nta na rangi ili iandike juu ya karatasi; juu ya pamba iliacha mistari isiyotoka kwa sabuni, na pasi ilipopita nta iliyeyuka ikaizamisha rangi ndani zaidi. Maua yalitoka na rangi ya maziwa yenye kitovu cha kahawia, jambo ambalo shangazi alilikataa pale pale, akisema mama yake hakuwahi kutarizi ua la rangi hiyo. Majani nayo yalikuwa manene kuliko ya zamani, kila jani, pande zote.

Ukubwa na kaboni ni mambo ya vifaa, na yana tiba rahisi. Rangi na unene wa majani ni mambo ya kusoma kitambaa, na hapo ndipo penye kazi.

Kukisoma kitambaa kabla ya kukinakili

Tulianza nyuma. Upande wa ndani wa nakshi haupigwi na jua na hausuguliwi na kichwa cha mlalaji, kwa hiyo hutunza rangi miaka mingi baada ya upande wa mbele kupauka. Tulipoligeuza pindo la shuka tulikuta manjano iliyokolea na kitovu cha rangi ya zambarau iliyokaribia wekundu. Rangi ya maziwa na kahawia aliyoiona fundi wa kwanza ilikuwa kazi ya jua na sabuni. Nyuma pia ndipo tulipohesabu nyuzi: uzi wa kutarizi wa pamba unaouzwa madukani, kama ule wa DMC, kampuni ya Ufaransa iliyoanza Mulhouse mwaka 1746, huwa na nyuzi sita nyembamba zinazotenganishwa, na marehemu alitumia mbili kwenye mashina na tatu kwenye petali. Idadi hiyo ikikosewa, mchoro sahihi kabisa utaonekana wa mtu mwingine.

Hatua ya pili ilikuwa mwanga. Kitambaa kililazwa juu ya kioo cha meza chenye taa chini yake, bila kuvutwa, nyuzi za kusuka zikiwa zimenyooka pande zote mbili. Mwanga ukipita chini, mambo mawili hujitokeza: matundu ya sindano, hata pale ambapo uzi ulishakatika na kupotea, na mabaki ya mstari wa mchoro wenyewe. Katika shada la kushoto tuliona, chini ya petali zilizochakaa, alama za wino wa buluu, nyembamba na za unene mmoja mwanzo hadi mwisho. Mkono wa mtu hauchori hivyo. Wino wa namna ile hutoka kwenye karatasi ya kuhamishia mchoro kwa pasi, ambayo huwekwa uso chini juu ya kitambaa na kukandamizwa kwa pasi ya moto hadi wino uliochapishwa uyeyuke na kushika pamba. Teknolojia hiyo ilianza kuuzwa na kampuni ya Briggs ya Manchester katika miaka ya 1870, na katika karne ya 20 magazeti ya wanawake ya Uingereza yalizoea kuwapa wasomaji karatasi za aina hiyo ndani ya toleo. Shangazi alisema mama yake alipewa karatasi na mke wa meneja wa shamba moja la chai huko Mufindi, na alichosema kilikubaliana na wino.

Shada la kulia lilikuwa tofauti. Huko wino wa buluu ulionekana sehemu chache tu, na kati ya sehemu hizo mstari ulikuwa wa penseli, wenye kusita na kurudiwa. Karatasi za zamani za pasi hutoa alama nzuri mara ya kwanza. Ukizirudia, wino uliobaki ni hafifu na una mapengo. Marehemu alikuwa na karatasi moja na pande mbili za kutarizi. Alipiga pasi mara ya kwanza akapata shada kamili, akapiga mara ya pili akapata nusu, na iliyobaki akaijaza kwa jicho lake. Ndiyo maana shada la kulia lina chipukizi moja ambalo la kushoto halina, na jani moja limepindia ndani badala ya nje. Ndiyo maana pia mashada yote mawili yameinamia upande mmoja badala ya kutazamana, kwa sababu karatasi ya pasi ina wino upande mmoja tu na haigeuziki.

Lilibaki ua lenyewe. Mchoro ni wa ua refu la bustani za Uingereza, lenye shina moja wima na maua mapana yaliyopangwa kuanzia chini hadi juu, ambalo jina lake la kisayansi ni Alcea rosea na ambalo kule hupandwa kandokando ya kuta za nyumba za vijijini. Mara nyingi hutariziwa waridi au nyekundu. Karatasi ya pasi, hata hivyo, haibebi rangi. Inabeba mstari tu, na rangi huchaguliwa na mwenye sindano. Shangazi alituambia mama yake aliyaita "maua ya bamia". Ukiyaweka manjano yenye kitovu cha zambarau nyekundu ni ua la bamia hasa, na mtoto wa Pawaga, bondeni kwenye joto ambako bamia hustawi, alilijua ua hilo kabla hajapanda kuja kwenye baridi ya Mufindi. Kibotania hakukosea sana: ua lile la Uingereza na bamia ni jamii moja, na pamba iliyofuma shuka ni ya jamii hiyo hiyo.

Fuata tundu, usifuate uzi

Sasa turudi kwenye majani manene, ambayo kwangu ndiyo kiini cha kisa hiki. Fundi wa kutarizi kwa mshono wa kujaza hufundishwa kuingiza sindano nje kidogo ya mstari, ili mstari ufunikwe na usionekane kazi ikiisha. Hiyo ni desturi nzuri. Matokeo yake ni kwamba jani lililotariziwa ni pana kuliko jani lililochorwa, na uzi wenyewe, kwa kuwa una unene na hulala juu ya kitambaa, huongeza upana mwingine machoni. Chukua jani lililochorwa kwa upana wa milimita 6. Likitariziwa litaonekana kama la milimita 7. Mtu akija kulinakili kwa kufuata ukingo wa uzi, mchoro wake mpya utakuwa wa milimita 7, na akiutarizi kwa desturi ile ile jani litafika 8. Mjukuu wake akinakili kutoka hapo atapata 9. Nafasi kati ya jani na jani hupungua kwa kiasi hicho hicho kutoka pande zote mbili, ncha zilizochongoka hujaa, na petali zilizoachana hugusana. Nimeona vitambaa vya makochi katika nyumba za Iringa na Njombe vyenye maua yaliyovimba kiasi cha kutotambulika, na ninaamini vingi kati yake ni nakala ya nakala ya nakala, kila moja imefuata ukingo wa uzi wa iliyotangulia.

Tiba yake ni kuacha kuutazama uzi. Juu ya kioo chenye taa tuliweka kitambaa, juu ya kitambaa karatasi nyembamba ya plastiki angavu ili penseli isikiguse, na juu yake karatasi ya kupitisha mwanga kama ile ya wachora ramani. Kwenye karatasi hiyo hatukuchora ukingo wa jani. Tuliweka nukta kwenye kila tundu la sindano lililoonekana, kisha tukaunganisha nukta hizo kwa mstari uliopita upande wa ndani kidogo, pale ambapo wino wa buluu, ulipoonekana, ulithibitisha kuwa mstari wa asili ulipita. Kwenye mashina, ambako mshono ni mmoja na hupanda ukipishana, mstari ulipita katikati ya uzi. Kazi hii huchosha macho na haiwezi kuharakishwa, lakini ndiyo pekee inayompa fundi mchoro badala ya kivuli cha mchoro. Tulipopima jani moja moja kwa rula, mchoro wetu ulikuwa mwembamba kuliko nakshi iliyo mbele ya macho, na mama wa bibi harusi alipouona mara ya kwanza alidhani tumekosea. Ilibidi tumtarizie jani moja kwenye kitambaa cha majaribio na kuliweka kando ya la zamani ndipo akakubali.

Nyongeza fupi kuhusu njia ambayo baadhi ya wenzetu huipenda, ya kuweka karatasi juu ya nakshi na kuisugua kwa penseli kama watoto wanavyochora sarafu: ni ya haraka, nayo hutoa sura nzuri ya jumla, lakini inachokitoa ni mgongo wa uzi. Inafaa kwa kumbukumbu. Kwa mchoro wa kutarizia inakurudisha kwenye majani manene.

Kuupeleka mchoro kwenye kitambaa kipya

Kitambaa kipya kilikuwa pamba tupu. Mama wa bibi harusi alikuwa ameleta kwanza mchanganyiko wa pamba na politesta kwa kuwa haukunjamani, tukaukataa, kwa sababu wino wa kuhamishia hushika vizuri nyuzi za asili na politesta haivumilii moto wa pasi unaohitajika. Pamba ilifuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa kabla ya lolote, ili ijikunje sasa badala ya kujikunja baada ya kutariziwa na kuyavuta maua. Kufua huondoa pia wanga wa kiwandani, ambao ukibaki huzuia rangi yoyote ya mchoro kushika.

Baada ya hapo palikuwa na njia kadhaa, na kila moja tuliipima kwa swali moja: je, itabeba mstari wetu bila kuunenepesha, na je, itaondoka?

Pasi ndiyo iliyokuwa njia ya marehemu mwenyewe, na kulikuwa na mvuto wa kuirudia. Leo fundi asiye na karatasi ya Uingereza anaweza kutumia fotokopi, kwa sababu unga mweusi wa mashine hizo huyeyuka kwa joto, na nakala mbichi ikigandamizwa uso chini kwa pasi kavu huacha alama kwenye pamba. Pasi hunyanyuliwa na kuwekwa, haiburutwi, la sivyo mstari husambaa. Pasi ya mkaa haifai, si kwa sababu ni ya kizamani bali kwa sababu majivu huanguka na joto halidhibitiki. Tuliiacha njia hii kwa sababu mbili. Alama ya unga wa fotokopi haitoki kwa kufua, kwa hiyo mstari wote lazima ufunikwe, na hapo unarudi kwenye ile tabia ya kuingiza sindano nje zaidi. Tena pasi hutoa picha iliyogeuka kama kwenye kioo: shada litainamia upande usio wake, na neno "Lala" litasomeka kinyume, isipokuwa mchoro umegeuzwa kwanza.

Kalamu za kuchora moja kwa moja juu ya kitambaa kilichowekwa juu ya taa zina tabia zake. Ile ya buluu inayotoka kwa maji hutoka kweli, kwa maji baridi, ilimradi pasi isiwe imepita juu yake, maana joto huigandisha. Ile inayofutika kwa joto, ya aina ya Frixion ambayo wanafunzi huitumia daftarini, hutoweka inapofika takriban nyuzi 60 za Selsiasi, lakini haijaondoka. Rangi imejificha tu, na hurudi kitambaa kikipata baridi kali chini sana ya sifuri. Baridi ya Makete haifiki huko, ila friza inafika. Kwa zawadi ya harusi inayotarajiwa kukaa miaka 60 mingine sikuwa tayari kuacha ndani yake mstari uliojificha.

Tulichokichagua ni njia kongwe kuliko zote hizo, ya karatasi ya matundu na unga. Vitabu vya michoro ya kutarizi vilipoanza kuchapishwa Ulaya katika miaka ya 1520, cha kwanza kinachojulikana kikitolewa na Johann Schönsperger huko Augsburg, wasomaji wake walitoboa matundu kwenye kurasa zenyewe na kupitisha unga humo, na hiyo ni sababu mojawapo ya vitabu hivyo kusalia vichache sana. Kazi yenyewe haina siri. Mchoro uliwekwa juu ya blanketi lililokunjwa, ukatobolewa kando ya mstari kwa sindano nyembamba iliyochomekwa kwenye kipande cha gunzi ili isiumize vidole, tundu moja kila milimita moja au zaidi kidogo. Kwenye mashina marefu tulitumia cherehani isiyo na uzi. Upande wa nyuma wa karatasi ulipitishwa msasa laini, kwa kuwa kila tundu huacha nyama iliyoinuka ambayo ikibaki huziba unga. Unga ulikuwa mkaa uliotwangwa na kuchekechwa kwa kitambaa chepesi, ukawekwa ndani ya kifuko kidogo na kugongwagongwa juu ya karatasi. Unga mwingi huchafua. Unaotosha ni ule unaoacha nukta za kijivu ambazo pumzi moja inaweza kuzitawanya. Nukta hizo ziliunganishwa kwa kalamu ya buluu ya maji, mstari mwembamba, kisha unga ukapeperushwa.

Faida iliyotufanya tuichague ni kwamba karatasi ya matundu haichakai upesi, haina upande mmoja tu, na nukta hazina unene. Mstari unaozaliwa upya kutoka kwenye nukta una unene wa kalamu ya leo tu.

Herufi iliyokosekana

Chini ya herufi za foronya hapakuwa na wino wa buluu popote, penseli tu. Hilo lilitarajiwa, maana karatasi za Uingereza zilizokuja na maneno hazikuja na Kiswahili. Marehemu aliandika mwenyewe kwa mwandiko wa kuunganisha wa shule ya misheni, kisha akapita juu yake kwa mshono wa mnyororo. Kutoka foronya nzima tulipata L, a na l. Katika "Salama" iliyochanika a zilizobaki zilionyesha kuwa alichora kila moja upya, kwa maana hakuna iliyolingana na nyingine, na S ilisomeka yote kwa matundu ingawa uzi wake uliondoka. Herufi m haikuwa na chochote, kitambaa chenyewe hakikuwepo.

Njia rahisi ilikuwa kuchukua m yoyote ya mwandiko wa kuunganisha. Tuliikataa kwa kuwa herufi tano zilizobaki ni za mkono wa mtu anayejulikana, na mkono huo huenda uliacha m mahali pengine. Shangazi alileta kitabu cha nyimbo cha mama yake, chenye maandishi ya penseli kwenye ukurasa wa mwisho ulio wazi, na humo m zilikuwa nyingi. Vilima vyake viwili havilingani, cha pili daima ni kifupi, na mkia wake hushuka kabla ya kuungana na a inayofuata. Tuliikuza kwa fotokopi hadi urefu wake ulipolingana na a za foronya, na hiyo ndiyo m iliyopo sasa. Kwenye karatasi ya mchoro tumeandika kando yake kwamba imetoka kwenye kitabu wala si kwenye foronya, ili mtu wa baadaye asiichukulie kuwa ushahidi wa kile kilichochanika.

Wifi wawili

Mchoro ulipokamilika mama wa bibi harusi alitoa ombi la busara kabisa. Kwa kuwa karatasi ya matundu inageuzika, alisema, tuligeuze shada la kulia ili maua yatazamane, tuiondoe ile chipukizi ya ziada, na tuzisawazishe zile a. Shuka lingependeza zaidi, na wageni hawangeuliza kwa nini maua yameinama upande mmoja. Shangazi alimsikiliza hadi mwisho. "Wifi," akasema, "mama hakukosea. Alikuwa na karatasi moja."

Hoja zote mbili zina uzito, na fundi anayedhani ya kwanza ni ya mtu asiyejali historia anajidanganya. Mashada yanayotazamana yangekuwa karibu zaidi na nia ya marehemu. Ni dhahiri kwamba angekuwa na karatasi ya pili iliyogeuzwa angeitumia. Lakini nia tunaikisia, ilhali shuka tunalo mezani. Tofauti kati ya shada la kushoto na la kulia ndiyo sehemu pekee ya nakshi hii ambayo hakuna karatasi ya Manchester iliyoitoa. La kushoto lingeweza kutokea katika nyumba yoyote iliyopokea gazeti lile, la kulia lilitokea Mufindi tu. Kulifuta la kulia na kuweka nakala iliyogeuzwa ya la kushoto kungetuachia shuka zuri lisilo na marehemu ndani yake, zaidi ya rangi. Hivyo ndivyo nilivyowaeleza, nikaongeza kwamba anayelipa ana haki ya kuamua, na kwamba ikiamuliwa kugeuza tutageuza, ila hatutaliita shuka la bibi.

Walikubaliana wenyewe, jioni, bila sisi. Shuka na foronya zilitariziwa zilivyokuwa: karatasi mbili tofauti kwa mashada mawili, chipukizi ikiwa mahali pake, kila a kwa mwandiko wake. Kwa mama wa bibi harusi tulitarizi kitambaa cha meza ndogo ya kando ya kitanda kwa karatasi ya shada la kushoto, upande mmoja ikiwa imelala ilivyo na upande wa pili ikiwa imegeuzwa, maua yanatazamana. Kinapendeza, na ninakiri kwamba wageni wengi wamekisifia kuliko shuka.

Baada ya kazi

Kabla ya kutarizi tulilowesha kipande cha kila uzi na kukikandamiza kati ya vitambaa vyeupe. Manjano ilikaa, zambarau ya kwanza tuliyoinunua ilitoa rangi na ikabadilishwa kwa nyingine. Kazi ilipoisha kitambaa kilizamishwa kwenye maji baridi bila sabuni hadi mstari wa buluu ulipoondoka wote, na ndipo pasi ilipopita, upande wa nyuma, juu ya taulo ili nakshi isilazwe. Majani yalipopimwa yalitofautiana na ya zamani kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho. Manjano ni kali kuliko familia ilivyozoea, na bibi harusi aliniuliza kama itatulia. Itapauka upande wa mbele, kama ya kwanza ilivyopauka.

Vitu vya asili vilirudi kwa shangazi bila kushonwa wala kuzibwa, vimekunjwa kwa karatasi nyeupe, na mpasuko wa "Salama" umeachwa ulivyo. Miezi michache baadaye aliomba karatasi za matundu kwa ajili ya binamu wa bibi harusi aliyeko Makambako, ambaye naye anaolewa. Tulimpa, zikiwa zimeandikwa mwaka, ukubwa wa shada, idadi ya nyuzi kwa kila mshono na rangi zilizosomwa upande wa nyuma, pamoja na ombi moja kwa fundi atakayezipokea: zikichakaa, atoboe karatasi mpya kwa kufuata matundu ya hizi, asichore kutoka kwenye shuka tulilolitarizi sisi.